Twyfelfontein hatua kwa hatua: michoro ya miambani na mawe ya ajabu yanayoizunguka

Mtu akifika Twyfelfontein saa saba mchana ataona mawe mekundu, atatoka jasho, atapiga picha mbili tatu na kuondoka akijiuliza watu wanasifia nini. Mtu huyohuyo akirudi kesho yake asubuhi, jua likiwa bado liko chini, atakuta mawe yaleyale yamejaa twiga. Michoro mingi ya pale haikupakwa rangi. Imedonolewa kwenye uso wa mwamba kwa jiwe gumu, na kinachoifanya ionekane ni kivuli kinachoingia kwenye vishimo vyake. Kwa hiyo mwongozo huu wote, kuanzia mwezi wa kusafiri mpaka upepo wa tairi, umepangwa kukufikisha mbele ya mwamba kwenye saa inayofaa.

Mahali penyewe pako kaskazini-magharibi mwa Namibia, mkoa wa Kunene, kwenye nchi kavu ambayo wengi bado wanaiita Damaraland. Wadamara wanapaita /Ui-//aes, na ile mistari iliyosimama ni milio ya ulimi. Mwombe mwenyeji akutamkie, kisha ujaribu na wewe bila aibu. Michoro iliyochongwa inazidi 2,000, na ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa ya aina hiyo Afrika. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007, ikiwa sehemu ya kwanza ya Namibia kupata heshima hiyo. Ukishaona michoro ya Kondoa, Tanzania, ujue unakwenda kuona kitu kingine: Kondoa ni kazi ya rangi, huku ni kazi ya kuchonga.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kufuata jua

Nenda kati ya Mei na Septemba. Wengi watakwambia hivyo kwa sababu ya baridi na ukavu, na ni kweli, maana kuanzia Novemba joto linaweza kupita nyuzi 40 na mawe yanachoma kama tanuri. Mimi nina sababu nyingine. Namibia iko saa moja nyuma ya Afrika Mashariki, na Twyfelfontein iko magharibi sana, kwa hiyo mwezi Juni jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi. Maana yake geti likifunguliwa, mwanga bado umelala, na vivuli bado ni virefu. Desemba jua linatangulia zaidi ya saa nzima. Ukiingia tu, tayari limeshapanda.

Januari mpaka Aprili kuna jambo la kuogopa zaidi ya joto. Mito ya Huab na Aba-Huab ni mikavu karibu mwaka mzima, lakini mvua ikinyesha juu milimani, maji huteremka ghafla hata kama uliposimama anga ni jeupe. Ukikuta maji yanavuka barabara, zima gari usubiri yapungue. Wala usipige hema kwenye mchanga wa mto, hata uonekane umekauka tangu enzi za mababu.

Hatua ya 2: Karatasi, fedha na maji

Ndege kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida huunganishwa Johannesburg au Addis Ababa, kisha unatua uwanja wa Hosea Kutako, karibu kilomita 45 mashariki ya Windhoek. Angalia masharti ya viza ya pasipoti yako mapema kwa ubalozi wa Namibia, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kama utaendesha gari, chukua leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani.

Fedha ni dola ya Namibia. Thamani yake ni sawa na randi ya Afrika Kusini, na randi inapokelewa nchi nzima, ila usibaki nayo unaporudi ukidhani dola ya Namibia itapokelewa Johannesburg. Badilisha kabla ya kuondoka. Chukua noti ndogondogo za kutosha ukiwa bado Windhoek au Otjiwarongo. Kule mbele mtandao wa simu unakuja na kupotea, na mashine ya kadi hupotea nao.

Maji: lita tano kwa kila mtu kwa siku, na ziada ya siku moja ibaki ndani ya gari bila kuguswa.

Hatua ya 3: Gari na barabara

Kutoka Windhoek unafuata B1 kwenda Otjiwarongo, unashika C38 mpaka Outjo, kisha C39 mpaka Khorixas. Hadi hapo ni lami, zaidi ya kilomita 400. Kutoka Khorixas lami imekwisha. Zinabaki karibu kilomita 100 za changarawe, ukiendelea na C39 kuelekea magharibi, ukikata kushoto kuingia D2612, kisha D3254 inayokupeleka mpaka kwenye michoro. Wanaotokea Swakopmund hupitia Henties Bay na Uis, na njia hiyo ni nzuri kwa anayetaka kupita karibu na mlima Brandberg.

Namibia wanaendesha kushoto kama sisi, na hiyo inarahisisha. Kinachowaangusha wageni ni changarawe yenyewe. Barabara inaonekana pana, imenyooka, haina gari, na mguu unazidi kukanyaga mafuta wenyewe. Usipite kilomita 80 kwa saa, na kwenye kona shuka zaidi. Juu ya changarawe gari halishiki breki kama kwenye lami. Ukikanyaga ghafla linateleza kama limewekwa juu ya mbaazi. Vumbi la gari linalokuja linaziba kila kitu kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo washa taa mchana kutwa, na likikujia punguza mwendo kabla hujalifikia. Usiku usiendeshe kabisa. Tandala, choroa na punda wa wanakijiji hulala na kusimama barabarani.

Punguza upepo wa tairi kidogo ukiacha lami. Muulize anayekukodisha gari kiwango kinachofaa kwa gari hilo, uandike kwenye karatasi ubandike kwenye dashibodi. Halafu kagua tairi la akiba kwa mkono wako mwenyewe. Safari yangu ya kwanza nilikabidhiwa gari lenye tairi la akiba lisilo na upepo hata kidogo. Niligundua nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi, jeki imeshanyanyua gari, na nikakaa pale karibu saa mbili mpaka familia moja iliposimama kutusaidia. Tangu siku hiyo siondoki bila kulibonyeza tairi la akiba, kufungua jeki nione inazunguka, na kujaribu spana kwenye nati. Kwenye changarawe ya Kunene, matairi mawili ya akiba si mengi.

Jaza mafuta Outjo, na ujaze tena Khorixas hata kama geji inasoma zaidi ya nusu.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza lala Outjo

Wapo wanaotoka Windhoek alfajiri na kufika Twyfelfontein alasiri. Inawezekana. Ila wanafika macho yamechoka, na vituo vya njiani wanavipita mbio. Lala Outjo, nunua mkate, matunda na maji, kisha uanze safari asubuhi.

Hatua ya 5: Msitu wa mawe, njiani

Baada ya Khorixas, kwenye C39, utaanza kuona vibao vingi vinavyotaja msitu uliogeuka jiwe, vingine vimeandikwa kwa mkono juu ya kipande cha bati. Wakazi wana magogo yao pia, na si vibaya kusimama kwao. Lakini ule uliolindwa rasmi, uliotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1950, una jengo la mapokezi na waongozaji. Uko karibu nusu ya njia kati ya Khorixas na Twyfelfontein.

Hapa hutaona miti iliyosimama. Ni magogo yaliyolala, baadhi yakizidi urefu wa mita 30, yenye magome, pete za umri na mashimo ya matawi, na ukiyagonga kwa ukucha ni jiwe tupu. Umri wake ni karibu miaka milioni 280. Hayana mizizi wala matawi kwa sababu hayakuotea hapa: mafuriko makubwa ya zama zile, barafu ilipokuwa ikiyeyuka, yaliyabeba na kuyafukia kwenye mchanga. Yakafukiwa haraka, hewa isiingie, yasioze. Maji yenye madini ya silika yakapenya taratibu, chembe kwa chembe, mpaka mti ukaondoka na umbo lake likabaki.

Katikati ya magogo inaota Welwitschia, mmea ambao Namibia imeuweka kwenye nembo ya taifa. Ukiutazama utadhani ni rundo la majani makavu yaliyotupwa. Hesabu vizuri: una majani mawili tu, maisha yake yote, yanayokua kutoka kwenye shina na kuchanwa na upepo kuwa tepe tepe. Baadhi ya mimea hii inapita miaka 1,000. Tazama unapokanyaga, maana mizizi yake ya juu inaumia ukiisogelea sana.

Nusu saa mpaka dakika arobaini zinatosha. Kituo hiki kinafaa mchana, kwa sababu magogo hayahitaji kivuli kuonekana.

Hatua ya 6: Jioni, nenda kwenye mawe kabla ya michoro

Ukifika Twyfelfontein alasiri, acha mizigo ulikopanga kulala na usiingie kwenye michoro kwanza. Shika barabara ya D3214, kilomita chache tu, uende kwenye vituo viwili vilivyo karibu karibu.

Cha kwanza kibao chake kinasoma Organ Pipes, yaani mabomba ya kinanda cha kanisani. Unashuka kwenye korongo fupi, la mita mia moja hivi, na pande zote zimesimama nguzo za jiwe zenye pembe, zimepangwa bega kwa bega, nyingine zikifika mita tano. Ukiona mara ya kwanza utaapa kwamba kuna fundi aliyezichonga kwa rula. Fundi ni ubaridi. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, bara kuu la Gondwana lilipokuwa likipasuka, ujiuji wa moto ulipenya katikati ya miamba, ukapoa, ukasinyaa, na ulipokuwa ukisinyaa ukapasuka kwa mistari iliyosimama, kama tope la bwawa linavyopasuka likikauka. Mwamba huo unaitwa doleriti. Shuka taratibu, mawe yaliyoanguka yanageuka chini ya mguu, na usipande juu ya nguzo.

Kituo cha pili ni Burnt Mountain, mlima ulioungua. Nikupe tahadhari: mchana utakatishwa tamaa. Utaona kichuguu cheusi kama rundo la makaa na kilima kisicho na jani. Ndiyo maana nimekutuma jioni. Moto uleule uliozaa nguzo uliipika miamba ya udongo iliyokuwa pembeni, ikabadilika rangi, na jua likishuka rangi hizo zinaamka: nyekundu ya tofali, zambarau, kijivu cha jivu, kahawia ya kahawa iliyokaangwa. Dakika ishirini za mwisho kabla ya jua kuzama ndizo ulizozifuata. Mtazamo wa pale penye maegesho unatosha. Kupanda kunamomonyoa mlima, na kipande chochote cha jiwe kinabaki pale pale.

Ukirudi kulala, kama umepiga hema karibu na mto Aba-Huab, fahamu kwamba tembo wa jangwani hupita kwenye kambi usiku. Usiache machungwa wala tufaha nje au ndani ya hema. Ukiwasikia, kaa kimya ndani. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, nge wanapenda mahali pa joto.

Hatua ya 7: Asubuhi ya michoro

Fika geti linapofunguliwa. Jengo la mapokezi litazame kidogo: limejengwa kwa mapipa ya mafuta yaliyokatwa na mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, ili lisiuumize mteremko. Hauruhusiwi kuingia bila mwongozaji, na usione hilo kama usumbufu. Waongozaji ni vijana wa pale pale. Anza na salamu, si na tiketi. Neno la Wadamara ni *matisa*, hujambo. Ukilisema, uso wa mwenyeji unabadilika.

Kabla hujaanza kutembea, muulize maswali mawili: ni njia zipi zipo leo, na ni mwamba upi unapata mwanga mzuri kwanza? Njia inayopita kwa Simba-mtu ni ndefu zaidi, na ndiyo ningekushauri kama miguu inaruhusu. Vaa viatu vya soli nene, kofia, na beba lita moja ya maji. Kuna ngazi na mawe ya kurukia, kwa hiyo mzee au mtoto mdogo atembee mbele ya kundi ili wote wafuate mwendo wake.

Njiani utapita magofu ya nyumba ya David Levin, mkulima aliyefika hapa mwaka 1947 akitaka kufuga. Chemchemi ilikuwepo, lakini kila siku alikuwa na shaka kama maji yake yatatosha, mpaka rafiki akambandika jina la Kiafrikana, Twyfelfontein, chemchemi ya mashaka. Jina likabaki na mahali. Chemchemi hiyohiyo ndiyo sababu ya michoro kuwa hapa. Penye maji huja wanyama, wanyama huleta wawindaji, na wawindaji walikuta bonde limejaa mabamba ya mawe laini kwa kuchonga. Walikuwa wakija hapa kwa angalau miaka 2,000.

Sasa namna ya kutazama. Usisimame mbele ya mwamba ukautazama uso kwa uso. Sogea upande, hatua mbili tatu, mpaka jua liwe linapita juu ya jiwe badala ya kulipiga moja kwa moja. Subiri. Jicho linahitaji muda kuacha kutafuta rangi. Kwanza utaona doa lililokwaruzwa, halafu doa litapata shingo, shingo itapata kichwa, na ghafla ni twiga, na pembeni yake kuna wengine watatu uliokuwa huwaoni. Miamba hii ya mchanga imejifunika ganda jeusi linalojijenga polepole mno. Mchongaji alidonoa ganda hilo kwa jiwe gumu liitwalo quartz, rangi ya ndani iliyo nyepesi ikatokea. Tangu hapo ganda limekuwa likijirudishia, kwa hiyo kwenye bamba moja mchoro uliofifia na kukaribia rangi ya mwamba kwa kawaida una umri mkubwa kuliko ule unaong'aa. Ukilijua hili, bamba moja linakuwa na tabaka za watu waliofuatana.

Ukifika kwa Simba-mtu, chuchumaa. Hesabu vidole vya miguu yake. Simba halisi huacha alama ya vidole vinne. Huyu ana vitano kila mguu, kama binadamu. Mkia wake mrefu umepinda kwa pembe mraba, na mwisho wake ni unyayo. Wachongaji hawa waliishi kwa kufuata nyayo, hawawezi kuwa walikosea hesabu. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba huyu ni mganga katikati ya kugeuka: mtu aliyecheza ngoma ya tiba mpaka akapandisha, akaingia ulimwengu wa wanyama na mwili wa mnyama, huku vidole vyake vikimsaliti. Aliyekulia karibu na ngoma za uganga hatahitaji maelezo marefu hapo.

Mwombe mwongozaji akuonyeshe pia tandala anayeonekana kama anacheza, na bamba lenye sili na pengwini. Bahari iko karibu kilomita 100 kutoka hapo, nchi yote kati ni kavu, na aliyewachonga aliwakumbuka vizuri kiasi kwamba nasi tunawatambua. Mimi bamba hilo ndilo lililonikalisha chini.

Mambo ya mkono ni mafupi: usiguse, usimwage maji wala kuchora kwa chaki ili picha itoke vizuri, usiegemee. Mafuta ya vidole na msuguano vinaharibu ganda, na ganda ndiyo mchoro. Mtaalamu wa ramani Reinhard Maack aliripoti michoro hii mwaka 1921, na mwaka 1952 ikatangazwa kumbukumbu ya taifa, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na mlinzi, na utaona majina ya watu waliojichora juu ya jiwe. Yanauma kuyatazama. Kwa kamera, zima flashi. Haisaidii, inafuta kivuli unachokitaka. Piga ukiwa upande, na picha zenye mwongozaji ndani yake umwombe ruhusa kwanza.

Panga saa moja na nusu, zaidi kama njia ni ndefu. Mwishoni mpe mwongozaji bakshishi mkononi mwake, na kama una muda, kilomita chache kutoka hapo kuna makumbusho hai ya Wadamara, ambako wenyewe wanaonyesha uwashaji moto, ngozi na dawa za mimea.

Hatua ya 8: Kabla ya kuwasha gari

Rudisha kiwango cha upepo akilini, maana Khorixas utaupandisha tena kwa ajili ya lami. Angalia tairi zote nne kwa macho. Kisha waambie watoto wamwage mifuko yao juu ya boneti, na wewe kagua yako: kila kijiwe chekundu, kila kipande cha gogo, kinarudi chini palipo maegesho, na mwongozaji akiwa karibu umkabidhi yeye, kwa sababu anajua kimetoka wapi.